Sudan Kusini walipewa kura ya kujitenga. Wengine wananyimwa kwa nini?

Omera wa Kondele
Wadau, kuna ubishi hauishi hapa kwa steji ya bodaboda. Jamaa mmoja anashikilia kwamba jimbo likichoka na serikali kuu lipige kura liende zake, kama Sudan Kusini 2011. Nikamwambia Wakatalunya wa Hispania walipiga 2017, Wakurdi wa Iraki pia mwaka huo huo, na hakuna aliyepata nchi. Tofauti ni nini? Mafuta? Wazungu? Na tafadhali, siasa za hapa kwetu tuziache nje.

Weita Mstaafu, Naivasha
Kijana, hayo mambo yalipikwa huku kwetu na mimi nilikuwa nahudumu mezani. John Garang, kiongozi wa SPLM, waasi wa Kusini, na Ali Osman Taha, makamu wa rais wa Sudan, walianza kukutana hapa Septemba 2003. Mwanzoni tulipanga vikombe pande mbili, watu wa Khartoum huku, wa SPLM kule. Baadaye wakawa wanavuta viti wenyewe. Turungi walikunywa wote, na sukari walimaliza wote!

Sasa swali lako. Ile kura haikuletwa na kuchoka, maana nani hajachoka? Ililetwa na karatasi ambayo Khartoum yenyewe ilitia sahihi. Machakos, Julai 2002, walikubaliana kwamba baada ya miaka sita ya mpito watu wa Kusini wataulizwa: umoja au kujitenga. Mkataba mzima ukasainiwa Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Madrid haijawahi kusaini kitu kama hicho, wala Baghdad. Wakurdi walipata zaidi ya asilimia 90 ya ndiyo, Baghdad ikawafungia ndege za kimataifa, na mwezi uliofuata jeshi likaingia Kirkuk, mji wa mafuta uliokuwa mikononi mwa Wakurdi.

Na mbona Kusini waling'ang'ania kura? Kwa sababu walishapewa serikali yao ya ndani, kwa mkataba wa Addis Ababa 1972. Rais Nimeiri wa Sudan aliyeisaini ndiye aliyeivunja 1983, akaikata Kusini mikoa mitatu na kuleta sharia nchi nzima. Ukishachezewa hivyo, ahadi ya kujitawala haikutoshi tena, unataka mlango wa kutokea uandikwe. Garang mwenyewe alihubiri Sudan mpya iliyo moja, lakini alikufa kwa ajali ya helikopta Julai 2005, wiki tatu tu baada ya kuapishwa makamu wa kwanza wa rais. Kura ilipofika, karibu asilimia 99 walisema twende.

Mama Mitumba, Nakuru
Mzee wangu, shikamoo. Lakini mbona hawakutulia? Nina wateja wa huko, watoto wao wanasoma hapa. 2011 walinunua nguo za sherehe. Desemba 2013 wakaanza kuja kutafuta blanketi za jamaa waliokimbia vita.

Weita Mstaafu, Naivasha
Marahaba, mama. Pale mezani palikuwa na wenye bunduki wawili tu. Makundi mengine ya Kusini yaliyokuwa na silaha hayakuitwa, Darfur kule magharibi mwa Sudan pia, na Darfur ilikuwa inawaka mwaka ule ule wa 2003. Abyei, eneo la mpakani linalogombaniwa na pande zote mbili, iliahidiwa kura yake. Rasmi haijapigwa hadi leo. Halafu visima vya mafuta viko Kusini, bomba linaenda Port Sudan, bandari ya Kaskazini. Januari 2012 Juba ilifunga visima kwa ugomvi wa ada za kupitisha mafuta, ikakaa zaidi ya mwaka bila hela. Nchi changa namna hiyo, jamani.

Omera wa Kondele
Na Eritrea iliyojitenga na Ethiopia je?

Weita Mstaafu, Naivasha
Hao walishinda vita kwanza. Waliingia Asmara Mei 1991, kura ikaja Aprili 1993, na utawala mpya wa Addis Ababa ulikuwa umeshakubali. Unaona? Sahihi ya mwenye nyumba tena.

Omera wa Kondele
Asante mzee. Jamaa amesoma yote na bado anasema ni mafuta.

Weita Mstaafu, Naivasha
Mwambie kugawana mafuta kulisainiwa hapa Naivasha Januari 2004. Haki ya kura ilikuwa imeshaandikwa mwaka mmoja na nusu nyuma.