Kobe mzima wa kuokolewa, Dodoma: kitembe (kijumba cha udongo), banda la bati, au aachwe azurure uani?

Mdau_Ipagala

Habari za jioni wadau. Naomba tulinganishe kabla fundi hajamwaga mchanga.

Kobe ni yule wa madoa kama chui, jike, mzima, kilo 10, gamba sm 38. Katolewa kwenye nyumba alikokuwa akifungwa kamba kupitia tundu lililotobolewa ukingoni mwa gamba, chakula chake ugali, kabichi na maganda ya tikiti. Afisa wanyamapori wa wilaya ameshaarifiwa. Uwanja ni mita 8 kwa 5, udongo mwekundu wa kichanga, mwarobaini mmoja katikati.

(a) Azurure ua mzima, alale anapotaka.
(b) Banda la bati kama la kuku, sakafu ya saruji.
(c) Uwanja wa ukuta mfupi, ndani yake kitembe cha tofali mbichi chenye paa la udongo.

Lipi na kwa nini? Pesa iliyopo haina nafasi ya kubomoa na kujenga upya.

Nyika_Kati

Kumwarifu afisa ni mwanzo mzuri, lakini neno la mdomo halitoshi. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kobe wa uani ni mnyamapori kama swala wa porini, na kumweka bila kibali ni kosa hata kama umemwokoa. Kibali kiwe cha maandishi, chenye tarehe, na kiambatanishwe picha za gamba la juu na la tumbo. Madoa ya kobe mmoja hayafanani na ya mwingine, kwa hiyo picha ndiyo kitambulisho chake.

Hakikisha pia aina. Wa madoa ana mgongo wa kuba. Akiwa na bawaba nyuma ya gamba, anayejifungia kama mlango akiogopa, huyo ni mwingine na anataka kivuli na unyevu zaidi. Na mkikuta aliyelala bapa kama chapati, gamba linabonyea, wa kwenye nyufa za majabali, msijenge chochote: waarifuni TAWA, mamlaka ya wanyamapori, siku hiyo hiyo. Huyo yuko Kiambatisho cha I (chenye ulinzi mkali zaidi) cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, tangu 2019, na majabali ya huku kati ni makazi yake.

Atakayekuja kushauri "mrudishe tu porini" asisikilizwe. Kobe aliyekaa na watu anaweza kubeba ugonjwa wa njia ya hewa bila dalili yoyote, akawapelekea wa porini. Hilo wataamua wenye mamlaka baada ya vipimo.

Fundi_AreaD

(a) toa kabisa. Ua wa nyumba una gari linalorudi nyuma, mbwa, na mifuko ya nailoni. Kobe hufuata rangi kali, nyekundu na njano hasa, akiona kipande cha plastiki anakimeza.

Ukuta: mzingo wa 8 kwa 5 ni m 26. Bloku ya inchi 6 ina urefu wa sm 45, ukijumlisha udongo wa kiungio mstari mmoja unakula bloku 57 hivi. Kozi tatu, moja chini ya ardhi na mbili juu, ni 171. Nunua 180 kwa ajili ya zitakazovunjika. Juu ya ardhi unapata karibu sm 48. Kobe wa madoa si mchimbaji hodari, kozi moja chini inamtosha.

Pembe ndizo zinazoua. Kobe hujibana kwenye pembe, anainua miguu ya mbele ukutani, anapinduka chali. Saa nane mchana juani hatamaliza saa nyingi. Kila pembe ikatwe kwa bloku ya mshazari, na usiache jiwe wala gogo ndani ya nusu mita kutoka ukutani, maana atalifanya ngazi.

Wavu usitumie hata kama unao bure. Anachokiona ng'ambo anakitaka, atasukuma kutwa nzima hadi pua ichubuke. Kama umeshafungwa, ziba sehemu yote ya chini kwa mabanzi kimo cha nusu mita asione nje.

Kwa kulala ningechukua (b): bati ni jepesi, rahisi, mchwa hawali bati.

Chilonwa_Kwetu

Fundi, kwenye ukuta tuko pamoja, kwenye bati hapana. Kobe hana joto lake mwenyewe, analichukua kwenye alichokilalia na kilicho juu yake. Bati tupu mwezi wa kumi saa nane mchana ni tanuru, Julai saa kumi na moja alfajiri ni barafu. Anapata mawili mabaya kwa bei ya moja.

Tembe ya Kigogo ililijibu hili zamani: ukuta mnene, paa la udongo la bapa. Udongo unameza joto polepole mchana na kulitapika polepole usiku. Kwa kobe mmoja wa sm 38, ndani m 1.2 kwa m 1, kimo sm 60. Ukuta wa tofali mbichi unene sm 20. Mlango upana sm 50, kimo sm 40, ili aingie bila kukwaruza gamba na ageuke ndani bila kurudi kinyumenyume. Sakafu iinuliwe sm 15 juu ya uwanja ili maji ya mvua yasiingie, na mbele uweke mteremko mrefu wa udongo ulioshindiliwa, usiwe ngazi.

Fundi_AreaD

Nakubali hoja ya joto, ila fanyeni hesabu ya uzito. Ukijumlisha kuta, paa linakuwa m 1.6 kwa 1.4. Udongo wa sm 15 hapo ni theluthi ya mita ya ujazo, yaani karibu nusu tani ukiwa mkavu. Ukinyeshewa unazidi. Fito za kawaida zitabeba mwaka wa kwanza, mchwa watazila kwa ndani huku nje zinaonekana nzima, na siku ya mvua kubwa ya Januari paa litamwangukia kobe.

Na msipake oili chafu kuzuia mchwa, najua ndiyo dawa ya mtaani. Kobe analamba na kula udongo, oili itaishia tumboni.

Pendekezo: boriti tano za 2x4 zilizowekwa kwa kusimama, juu yake bati, juu ya bati nailoni nzito ya kujengea, kisha udongo sm 15 uliochanganywa na nyasi, ukandikwe kama tembe, mwinamo kidogo kuelekea nyuma. Bati likishafunikwa na udongo halipigwi na jua tena. Mchwa wakija wanakuta mbao tu, na mbao unaziona kutoka ndani, zinabadilishika.

Chilonwa_Kwetu

Hapo sawa fundi, ingawa bibi zetu wasingelitambua kama tembe. Ongeza jambo moja: kila Novemba, kabla ya mvua, paa likandikwe upya penye nyufa.

Mdau_Ipagala

Shukrani wakuu, nimehama kwenda (c) ya fundi. Mlango uelekee mashariki apate jua la asubuhi?

Nyika_Kati

Hapana, kaskazini. Upepo wa kiangazi wa Dodoma unatoka mashariki na kusini-mashariki, na Juni hadi Agosti ndio unaovuma. Mlango wa mashariki unaukaribisha ndani. Halafu angalia jua: miezi hiyo ya baridi jua la mchana liko upande wetu wa kaskazini, linaingia mlangoni. Desemba liko kusini, mlango unabaki kivulini. Unapata joto wakati wa kulitaka na kivuli wakati wa kukitaka.

Usiku wa Julai unashuka hadi nyuzi 13 au 14. Mkavu na bila upepo anaustahimili, ulio na unyevu ndio unaoleta mafua. Usiku ning'iniza kipande cha gunia zito mlangoni. Kobe hawa hawalali usingizi wa baridi kama wa Ulaya, kwa hiyo usimfungie kwenye boksi miezi miwili kwa kusoma maelekezo ya huko.

Taa maalum pia usinunue. Jua la hapa linatosha, sharti limpige moja kwa moja. Kupitia kioo miale inayotengeneza vitamini D haipiti.

Dokta_wa_Kati

Naongeza kuhusu sakafu kabla ya afya: saruji hapana. Inasaga gamba la tumbo na kucha, inavuta joto usiku, na mkojo unatuama. Weka udongo mkavu ulioshindiliwa, juu nyasi kavu sm 15. Maranda ya mbao usiweke, anayameza na kumziba. Kwa kuwa ni jike, acha kona moja ya uwanja yenye udongo laini kina sm 30. Jike mzima anaweza kubeba mayai hata akiwa peke yake sasa. Akikosa mahali pa kuchimba anayazuia, na hapo ndipo tatizo.

Tundu la kamba: kata kamba kwa mkasi pande zote mbili, usiivute. Gamba ni mfupa hai, lina neva na damu. Safisha kwa povidoni ayodini iliyopunguzwa kwa maji hadi rangi ya chai ya rangi, mara moja kwa siku kwa wiki mbili. Usizibe kwa araldite wala gundi, utafungia usaha ndani. Na rangi ikiwepo kwenye gamba isitolewe kwa petroli wala tina.

Maji: wiki mbili za kwanza aloweshwe kila siku dakika 20 hadi 30, karai pana, maji ya uvuguvugu yafike kwenye kiungo cha gamba la juu na la tumbo, kichwa kikiwa juu bila taabu. Fanya asubuhi, si jioni, asiingie kulala akiwa amelowa. Baadaye mara mbili kwa wiki, pamoja na sinia pana la maji uwanjani. Beseni refu linamzamisha.

Sasa dawa. Dukani watakupa ivermectin (dawa ya minyoo) kwa sababu ndiyo wanayoiuza kwa mbuzi. KWA KOBE NI SUMU, inapooza na kuua. Peleka kinyesi kibichi maabara (TVLA, wakala wa maabara za mifugo, ipo hapa Dodoma), minyoo ikithibitika daktari atapima fenbendazole kwa uzito wake. Sindano yoyote ipigwe nusu ya mbele ya mwili, kwa sababu damu ya nyuma hupitia figo kwanza. Kwa kupe tumia kibano, vuta taratibu ukiwa umemshika kupe karibu na ngozi, halafu kupe mchome moto. Usimwogeshe dawa ya josho. Kupe wa kobe wanaweza kubeba maji moyo, ugonjwa wa mifugo, kwa hiyo kama una mbuzi, kobe na mbuzi wasitumie malisho mamoja.

Mama_Zabibu

Chakula ndicho kilichomharibu huyo, banda ni la pili. Ugali, mkate, maziwa, chakula cha mbwa, pumba za kuku: vyote vikome. Protini ikizidi, figo zinachoka. Robo tatu au zaidi ya chakula iwe nyasi, mbichi wakati wa mvua na kavu wakati wa kiangazi.

Atakataa. Kobe aliyezoea ugali anaangalia nyasi kavu kama mtoto anayeonyeshwa dagaa baada ya chipsi. Katakata nyasi urefu wa kidole, changanya na mlenda uliolowa, sehemu moja ya nyasi kwa tatu za majani. Kila siku tatu ongeza nyasi. Ndani ya wiki tatu anazila zenyewe.

Nyongeza nzuri: mpungate uliochomwa miiba, majani na maua ya haibiskasi, matembele kiasi. Mlonge una kalsiamu nyingi lakini protini pia, kwa hiyo konzi moja mara mbili kwa wiki. Majani ya mzabibu anayapenda sana, ila ya shamba lililopigwa salfa au dawa ya ukungu yasimfikie. Mchicha mara moja moja tu, asidi yake inaifunga kalsiamu. Kabichi na sukuma wiki usizifanye chakula cha kila siku. Matunda ni peremende: kipande cha tikiti kikubwa kama kiberiti, mara moja kwa wiki, basi.

Angalia na uzio wa jirani. Minyaa ikidondosha utomvu unaunguza macho na mdomo. Lantana, mbono na mbarika ng'oa vyote vinavyoweza kumfikia.

Mdau_Ipagala

Kalsiamu, chokaa itafaa?

Mama_Zabibu

Ya ujenzi USITHUBUTU, inaunguza koo. Chemsha maganda ya mayai dakika kumi, yaanike, saga yawe unga laini kabisa. Nusu kijiko cha chai juu ya majani mara mbili kwa wiki. Chokaa ya mifugo ya kalsiamu kaboneti nayo sawa, lakini DCP (unga wa dikalsiamu fosfeti) acha, ina fosforasi.

Dokta_wa_Kati

Na mpime kila Jumamosi kwa mizani ile ile, kabla ya kulowesha. Akinywa maji mengi kwenye karai mizani inadanganya. Kushuka nusu kilo ndani ya mwezi si jambo la kusubiri. Mapovu puani, mdomo wazi anapopumua, shingo imenyooshwa juu: daktari siku hiyo.

Mdau_Ipagala

Dokta, leo kwenye karai ametoa kitu cheupe. Ni kalsiamu hiyo?

Dokta_wa_Kati

Hapana, ni taka ya mkojo, anaitoa hivyo kubana maji. Isugue katikati ya vidole ukiwa umevaa glovu. Ikiwa laini kama dawa ya meno, yuko sawa. Ikiwa na chembe kama mchanga, bado hana maji ya kutosha, usipunguze kumlowesha. Mwaga maji yake kwenye mti, si kwenye sinki la jikoni, na watoto wanawe kwa sabuni.

Mdau_Ipagala

Ina chembe chembe. Tunaendelea kila siku, basi. Fundi, Jumatatu bloku 180.