Raundi za kufuzu spidiwei ya dunia zinaendaje? Wawili wana pointi 10, mmoja kapita mwingine katolewa

Ngosha_Nyakato

Mwangaluka wakuu, naomba anayeufahamu mchezo wa spidiwei anieleweshe maana hapa kijiweni tumebishana mpaka watu wamenuniana. Kuna dogo mmoja anatuwekea kwenye simu zile mbio za pikipiki zisizo na breki, wanne wanazunguka uwanja wa udongo mara nne, kona yote wanateleza kushoto mpaka unasema huyu lazima ale mchanga, dakika moja hivi imeisha. Mbio zenyewe nimeshazielewa, wa kwanza pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hapati kitu. Kinachonichanganya ni hizi raundi za kufuzu kwenda ubingwa wa dunia. Juzi tumeangalia matokeo wawili wana pointi 10 kila mmoja, mmoja kapita mwingine katolewa, na aliyetolewa alishinda mbio tatu wakati mwenzake hakushinda hata moja, alikuwa wa pili kila akipanda! Halafu kuna jamaa anasema kufuzu ni kupimwa muda kama Formula 1, mimi nakataa. Naomba mnipangie wanaanzia wapi mpaka wafike kule juu, na je Mtanzania anaweza kuingia? Nauliza kwa nia kabisa, Mwanza hii kuna vijana wana mkono wa pikipiki jamani.

Mtu_wa_Kirumba

Mkuu umekataa vizuri, huyo jamaa kachanganya vitu viwili. Kule kwenye Speedway Grand Prix yenyewe, yaani ule mfululizo wa mashindano unaotoa bingwa wa dunia, kabla ya mashindano kuna mazoezi ya kupimwa muda, mwenye muda mzuri anatangulia kuchagua namba yake ya kuanzia. Hiyo haimuingizi mtu kwenye ubingwa. Raundi za kufuzu ni habari nyingine, hizo ni mashindano kamili na wengi hawaziangalii kwa sababu zinafanyika miji midogo kama Abensberg ya Ujerumani, Žarnovica ya Slovakia, Debrecen ya Hungaria, lakini mimi ndizo nazipenda kuliko hata Grand Prix yenyewe na nitakwambia kwa nini.

Kila mji wanaingia waendeshaji 16, zinapigwa mbio 20, kila mtu anapanda mara 5. Sasa piga hesabu, kila ukipanda unakutana na watu 3, mara 5 ni 15, yaani mpaka mashindano yanaisha umeshakutana na kila aliyekuja, mara moja tu kila mmoja. Hakuna cha kundi la kifo wala kundi mchekea. Kama kuna mbabe amekuja utakutana naye tu na wenzako wote watakutana naye.

Halafu angalia na pointi. Kila mbio ina pointi 6, mbio 20 zinakuwa 120, ukigawa kwa watu 16 unapata 7.5. Kwa hiyo mwenye 7 au 8 ni mtu wa katikati, kafanya kazi ya kawaida, na wanaopita ni wachache wa juu, mara nyingi unahitaji 10 au 11 ndio upumue. Mwenye 15 kashinda zote tano. Ukipata sifuri moja tu, labda mnyororo umekatika au umegusa utepe wa kuanzia wakakutoa, umeshapoteza pointi 3 ambazo hazina pa kurudia, na hiyo ndiyo habari ya yule jamaa yenu aliyeshinda tatu. 3 mara tatu ni 9, akaongeza 1, mbio moja akaambulia sifuri. Mwenzake alichukua 2 mara tano, hakung'ara popote ila hakuanguka popote. Wakilingana kwenye nafasi inayoamua nani apite wanarudishwa uwanjani kwa mbio ya ziada, hapo pointi za nyuma hazikusaidii, anayetangulia kwenye mstari ndiye kapita. Bila shaka ndicho kilichotokea.

Wakitoka hapo wanaenda fainali yao inaitwa Grand Prix Challenge, tena watu 16, tena mbio 20, siku moja. Wa juu wa siku hiyo, watatu au wanne kwa kufuata kanuni za msimu husika, ndio wanaingia Grand Prix ya mwaka UNAOFUATA. Kule wanawakuta waliofanya vizuri msimu uliopita, bingwa wa Ulaya, na wanaojazwa kwa mwaliko.

Fundi_Mabatini

Naongezea upande wa mashine maana ndio kazi yangu. Injini ni silinda moja 500cc inakunywa methanoli, gia moja, breki hakuna mbele wala nyuma, uzito kuanzia kilo 77 yaani nyepesi kuliko hizi Boxer tunazotengeneza kila siku. Mguu wa kushoto wanavaa kiatu kina bamba la chuma chini kwa sababu ule mguu unaburuzwa kwenye udongo kila kona. Na mkononi kuna kamba imefungwa kwenye swichi ya kuzimia, ukitupwa tu kamba inachomoka injini inazima pale pale, bila hivyo pikipiki isiyo na breki ingeendelea peke yake kuwafuata watu.

Kwenye raundi za kufuzu fundi ana kazi kuliko unavyodhani. Gia huwezi kubadilisha ukiwa barabarani, unabadilisha spoketi ya nyuma kati ya mbio na mbio, jino moja tu linakufanya utoke vizuri getini, yaani pale pa kuanzia, au ubaki unazungusha tairi bure. Na udongo haukai vile vile, mwanzoni geti la ndani linashika, baadaye udongo unasukumwa nje unakuta wa nje ndio anapata msukumo, wanaleta trekta wanasawazisha wanamwaga maji na kila kitu kinabadilika tena. Ndio maana kwenye mbio zako tano wanakuzungusha mageti yote manne, asije mtu akasema fulani kapewa ndani siku nzima.

Dada_Nyegezi

Mimi nafuatilia miaka mingi kidogo, kaka yangu yuko Poland ndiye aliyenitia huu ugonjwa. Mtu wa Kirumba umeeleza vizuri ila umepita haraka kwenye ile mialiko. Mtu anahangaika mji kwa mji, anasafiri na gari lake na mafundi wake, anapita raundi, anapita Challenge, halafu mwingine anaingizwa kwa mwaliko kwa sababu ana jina au nchi fulani inahitaji mtu wa kujaza uwanja. Nafasi zile wangeziongeza Challenge.

Mtu_wa_Kirumba

Dada yangu hapo tupo pamoja kabisa, na hoja yako ina mfano hai. Brady Kurtz wa Australia aliingia Grand Prix ya 2025 kwa kupitia Challenge iliyofanyika Pardubice, Jamhuri ya Czech, mwaka 2024. Hakupewa mwaliko. Kaingia mlango wa jasho, akashinda Grand Prix tano mfululizo, na mwisho wa msimu kule Vojens, Denmark, kaukosa ubingwa wa dunia kwa pointi MOJA nyuma ya Bartosz Zmarzlik ambaye lilikuwa taji lake la sita. Sita! Sawa na Ivan Mauger na Tony Rickardsson. Sasa mtu wa hivyo alianzia wapi, kwenye usiku ambao angeteleza mara moja tu asingeonekana msimu mzima. Ndio maana nasema hizi raundi ndizo nazipenda, pale hakuna jina linalokubeba.

Ngosha_Nyakato

Aisee asanteni sana wakuu, hiyo ya kukutana na kila mtu mara moja ndio imefungua kila kitu, nimewasomea hapa kijiweni kwa sauti wote wamekubali. Sasa na lile swali la Mtanzania mmelikimbia.

Mzee_wa_Igoma

Hatujalikimbia kijana, ni refu kidogo. Hii michuano ni ya FIM, shirikisho la pikipiki la dunia. Huwezi kwenda pale na pikipiki yako ukasema nimekuja kufuzu. Shirikisho la nchi yako lililo mwanachama ndilo linakupa leseni na kupeleka jina, na nafasi zinagawiwa kwa nchi, wenye ligi kubwa kama Poland, Denmark, Sweden na Uingereza wanapata zaidi. Afrika Kusini waliwahi kuwa na spidiwei zamani, kwa hiyo siyo kwamba Afrika haijawahi kuugusa mchezo huu.

Nikuambie ukweli wangu lakini, mlango wa watu wazima tusiuangalie sasa hivi. Kuna ubingwa wa dunia wa chini ya miaka 21 na mwingine wa chini ya 16 wanaotumia 250cc, na wenzetu wanaanza watoto wadogo kabisa. Kijana wa bodaboda wa miaka 25 ana mkono ndiyo, ila kuteleza kona bila breki ni kitu anaanza upya, na naomba sana asije mtu akajaribu barabara ya Airport usiku, tumeshazika wa kutosha. Kinachotakiwa kwanza ni uwanja. Mzunguko wa mita 300 hivi, moramu iliyochekechwa mawe yote yakatoka, greda, maji ya kumwagia na uzio laini kwenye kona. Ardhi ya hivyo Buhongwa au upande wa Usagara haikosekani, na maji tunayo ziwa zima.

Dada_Nyegezi

Mzee shikamoo, umesema neno. Na mvua mkumbuke, uwanja ukilowa sana mashindano yanaahirishwa, kwa mvua zetu hizi za ziwani za alfajiri bora mazoezi yawe jioni. Ngosha ukitaka kuangalia Grand Prix ya Poland mubashara, kule zikianza saa moja jioni wakati wa kiangazi chao huku ni saa mbili usiku.

Fundi_Mabatini

Mzee wa Igoma kama hilo la uwanja unalisema kwa nia, mimi nina fremu mbili za zamani karakana nataka kuzipunguza uzito ziwe za kujifunzia watoto, tunaanza na injini ndogo ya 125 na kamba ya kuzimia mkononi kama wanavyofanya wao. Njoo inbox tupange siku tukaangalie hiyo ardhi ya Usagara, na Ngosha uje na yule dogo mwenye simu.