Naomba ushauri: msimbo wa jicho moja kupoteza uoni kwa muda

Habari zenu wakuu. Mimi naandika misimbo ya magonjwa kwenye kliniki ya macho huku Marekani, mwaka wa kwanza huu.

Kuna mama wa miaka 68, jicho la kushoto lilimfunga ghafla, anasema kama pazia limeshushwa toka juu. Dakika 5 hivi, likafunguka lenyewe, hakuna maumivu. Daktari kaandika tu "kupoteza uoni kwa muda, jicho la kushoto", na mwisho "huenda ni amaurosisi fugaksi", yaani jicho kupoteza uoni kwa muda kwa sababu damu haikulifikia vizuri. Kaagiza kipimo cha mishipa ya shingo, majibu bado.

Nimeweka H53.122, msimbo wa dalili yenyewe: kupoteza uoni kwa muda, jicho la kushoto. Msimamizi wangu anataka G45.3, msimbo wa amaurosisi fugaksi. Kuweka yote mawili haiwezekani, kitabu cha misimbo (ICD-10-CM) kinakataza chini ya H53.12, kundi la H53.122. Na ninavyojua, kwa mgonjwa wa nje neno "huenda" haliandikiwi msimbo, unaandika dalili.

Je, nibaki na H53.122, au nimrudishie daktari swali kwa maandishi kwanza? Sitaki mama wa watu abebe ugonjwa ambao haujathibitishwa, wala dalili inayoweza kutangulia kiharusi ionekane kitu kidogo. Waliowahi kukutana na hili naombeni mnisaidie.