Jina la kanga ya sare ya harusi: lipi kati ya haya matatu?

MamaSare_Makorora
Assalaam aleikum wapendwa. Kikundi chetu cha wanawake hapa Makorora, Tanga, tunatengeneza kanga za sare kwa upande wa bwana harusi. Doti (jozi za vipande viwili vya kanga) zitakazobaki tutaziuza. Mji (sehemu ya katikati) na pindo (mapambo ya ukingoni) tumeshakubaliana, jina, yaani maneno yanayoandikwa kwenye kanga, ndilo linatugombanisha:

MGENI WETU TUMEMPOKEA KWA MOYO MKUNJUFU
MLISEMA HAWATAOANA
MKWE SI ADUI, MAMA

Mnaojua kanga, semeni lipi linafaa na kwa nini. Kama yote hayafai, semeni pia.

Somo_Chumbageni
Waaleikum salaam shoga yangu. La pili liondoeni leo hii. Bila shaka mmewakusudia majirani waliosema maneno, lakini kanga haina kidole cha kumwonyesha inayemsema. Mtaivaa upande wa bwana harusi, mtakaa mmeelekeana na upande wa bibi harusi, na wa kwanza kulisoma ni mama yake. Hiyo "mli-" ataichukua yeye. Kijembe mtu hununua mwenyewe akajifunga siku anayotaka. Hakivaliwi sare na ukoo mzima. Halafu zile doti za kuuza nani atazichukua? Anayetafuta zawadi ya wifi au ya mama mkwe hatanunua jina linalogombeza.

La tatu shida yake ni mkato. Majina ya kanga kwa kawaida ni herufi kubwa bila alama, na mkato ukiondoka unabaki na MKWE SI ADUI MAMA. Mmoja atasoma "mkwe si adui", mwingine ataishia na "adui mama". Jina linalotegemea mkato au alama ya kuuliza msilipeleke kwa fundi.

La kwanza maana yake nzuri, ila ni refu.

Malenga_Pangani
Naungana na Somo. Katika la kwanza uzito wote umo kwenye "mgeni wetu". Hayo mengine ni maneno ya mshereheshaji. Tafuteni mizani (silabi) 8, kama kipande cha utenzi, maana hapo jina hukaa mdomoni na mteja hulitaja dukani bila kusitasita. Napendekeza MGENI WETU MWANETU. Hesabuni: m-ge-ni, we-tu, mwa-ne-tu. "M" ya mgeni ni mizani peke yake, "mwa" ni moja, jumla nane, na "-tu" inaitikiana. Mama mkwe yeyote anaweza kumpa mkaza mwana wake, hata harusi ikiwa imepita zamani.

Kabla ya kuchapa, pitieni maduka ya jumla ya Ngamiani mkaulizie kwa jina, si kwa rangi. Likiwepo tayari kwenye kanga nyingine, badilisheni neno moja.

FundiSkrini
Upande wa uchapaji: kanga ni kama sm 150 kwa 110. Ukitoa pindo za kushoto na kulia, kisanduku cha jina cha sm 75 kinakaa katikati bila kubanwa. Herufi moja na nafasi yake ipeni sm 2.5, kwa hiyo mwisho ni 30, nafasi za maneno zikiwemo. La kwanza lina 39. Litaingia kwa kukondesha herufi tu, na zikikonda rangi huenea kwenye pamba ikaziba matundu ya A, O na P. La Malenga lina 18, mnaweza kuzipanua hadi sm 4.

Jina liwe kwenye vipande vyote viwili vya doti, juu kidogo ya pindo la chini, miguu ya herufi ikielekea pindo hilo. Mkipokea fremu ya kuchapia, itazameni kwa upande unaomiminwa rangi: hapo jina lisomeke sawasawa. Likisomeka sawa upande unaogusa kitambaa, litatoka kinyume kwenye kanga.

MamaSare_Makorora
Ahsanteni sana, tunachukua MGENI WETU MWANETU, Ngamiani wakisema halipo. Fundi, kitambaa ni kipya, bado kina wanga. Tukifue kwanza?

FundiSkrini
Ndiyo dada, kifueni, kianikeni, kipigeni pasi. Wanga huzuia rangi kushika, na kitambaa kisichofuliwa kikija kusinyaa baadaye, herufi hujikunja. Chapeni kipande kimoja, kipigeni pasi ya moto kwa nyuma rangi ishike, kifueni tena, ndipo mwendelee na vingine.