Mnunuzi amemrudisha mbwa baada ya miezi mitano na anadai fedha zote: mkataba wangu una nguvu gani?

Mlezi_wa_Majike (mleta mada)

Wadau, salaam. Naomba ushauri wa wenye uzoefu wa kufuga na kuuza mbwa, na hasa wanaoifahamu sheria ya mikataba, kwa kuwa jambo lililonifika sijawahi kukutana nalo tangu nianze kazi hii.

Niliuza mtoto wa mbwa, jike, akiwa na umri wa wiki tisa, akiwa ameshapata chanjo ya kwanza na dawa ya minyoo, na mnunuzi akatia sahihi mkataba wa kurasa mbili mbele ya shahidi. Mambo manne katika mkataba huo yanahusika hapa. Mnunuzi alitakiwa kumpeleka mbwa kwa daktari wa mifugo ndani ya saa 72, na kama angekutwa na ugonjwa aliotoka nao kwangu ningerudisha fedha zote. Baada ya muda huo, fedha hazirudishwi kwa sababu tu mnunuzi amebadili nia. Akishindwa kumtunza, haruhusiwi kumuuza wala kumpa mtu mwingine, bali atamrudisha kwangu. Na atakayevunja kifungu chochote atalipa mara mbili ya bei ya mbwa. Kifungu hicho cha mwisho, nakiri, nilikinakili kutoka mkataba wa mfugaji mwenzangu bila kukitafakari sana.

Daktari alimpima siku ya pili akamkuta mzima, na nakala ya cheti ninayo. Miezi mitano ikapita kimya. Wiki iliyopita, nikiwa safarini, mnunuzi alifika nyumbani akamkabidhi mbwa kwa mdogo wangu, akisema kwamba mtoto wake anapata mzio na kwamba mimi naye tutazungumza. Mdogo wangu alimpokea, wala hapakuandikwa kitu. Niliporejea nilimkuta mbwa amekonda, mbavu zinahesabika, kucha zimejipinda, na kadi ya chanjo haina muhuri mwingine zaidi ya ule wa kwangu. Kesho yake mnunuzi akanitumia ujumbe kwamba kwa kuwa mbwa nimempokea, mkataba umekwisha, hivyo nimrudishie fedha zote. La sivyo cheti cha ukoo hanipi, na chipu ya mbwa (kile kifaa kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi) itaendelea kusomeka kwa jina lake.

Je, kumpokea mbwa kunanilazimisha kurudisha fedha? Naweza kudai gharama za matibabu pamoja na ile mara mbili ya bei? Na ninaweza kumuuza tena wakati umiliki wake una utata? Naomba kuwasilisha.

Mkongwe_wa_Banda

Pole sana, ndugu yangu. Wanasheria watakuja na vifungu vyao. Mimi nianze na mbwa mwenyewe, maana huyo ndiye ushahidi wako mkubwa, na ni ushahidi unaobadilika kila unapomlisha.

Mpeleke leo kwa daktari, ikiwezekana yule yule aliyempima akiwa mdogo, aandike uzito, joto, hali ya mwili na ngozi, matokeo ya kipimo cha choo, kisha asome chipu na kuinakili namba yake kwenye ripoti. Piga picha zinazoonyesha tarehe. Akishakula vizuri kwa wiki mbili, uzito wa siku aliyorudi hutaupata tena popote, na hapo itabaki kauli yako dhidi ya kauli ya mwenzako.

La pili ni kumtenga. Chanjo za watoto wa mbwa hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka wafikishe angalau wiki 16, kwa sababu kingamwili walizopata kwa mama yao huweza kuizuia chanjo ya mapema isifanye kazi, na hakuna anayejua kwa kumtazama mtoto ni siku gani kinga hiyo imemwisha. Huyo wako alikatizwa njiani. Kama ameambukizwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoharibu utumbo, dalili huanza kwa kawaida kati ya siku tatu na saba, wakati mwingine hadi wiki mbili. Distempa, ugonjwa mwingine hatari wa virusi vya mbwa, yaweza kuchelewa zaidi ya hapo. Kirusi cha parvo hudumu kwenye udongo kwa miezi mingi na sabuni ya kawaida haikiui, klorini ndiyo inayokiua. Kwa hiyo awe na chombo chake, sehemu yake, na wewe umhudumie wa mwisho baada ya wengine wote. Ukimchanganya na watoto ulio nao halafu wakaugua, mnunuzi atauliza kwa nini ulimchanganya, na swali lake litakuwa la haki.

Jambo jingine ambalo wengi hulisahau: jike wa miezi saba anaweza kuwa ameshaingia joto. Mwulize daktari kuhusu mimba. Mimba ya mbwa ni takriban siku 63, na altrasaundi huionyesha kuanzia karibu mwezi mmoja. Mimi niliwahi kurudishiwa jike nikamsifu kwamba ananenepa vizuri. Wiki ya saba akazaa watoto sita ambao baba yao sijamjua hadi leo.

Kuhusu kumuuza, usithubutu kwa sasa. Nilimuuza mbwa aliyerudishwa kabla ya kupata maandishi yoyote, na mwenye jina kwenye chipu akamfuata mnunuzi mpya hadi nyumbani kwake. Nililipa fedha za watu na nikapoteza mteja.

Karani_wa_Mikataba

Ndugu mleta mada, nitajibu kwa misingi ya jumla ya sheria ya mikataba, nikikukumbusha kwamba nchi nyingi zina sheria za kumlinda mlaji ambazo mkataba wa watu wawili hauwezi kuzifuta, hivyo ya kwenu uyapitie pia.

Karibu kila mahali mbwa huuzwa na kununuliwa kwa kanuni zile zile za mali inayohamishika. Hata Ujerumani, ambako tangu mwaka 1990 sheria ya kiraia inatamka kwamba wanyama si vitu, kifungu hicho hicho kinaelekeza kanuni za vitu zitumike kwao pale ambapo hakuna masharti mengine. Kwa hiyo swali lako la kwanza ni swali la mauzo: je, bidhaa ilikuwa na kasoro, au mnunuzi amebadili nia? Cheti cha daktari cha siku ya pili kinakusaidia sana, na mzio wa mtoto, hata ukiwa wa kweli kabisa, si kasoro ya mbwa.

Sasa kuhusu hoja kwamba mkataba umekwisha kwa kuwa mbwa amepokelewa. Mkataba haufutwi na mtu mmoja kwa kuacha mali mlangoni. Unafutwa kwa makubaliano ya pande zote mbili, au kwa sababu inayotambuliwa na sheria. Tena mkataba wako wenyewe unamwamuru mnunuzi amrudishe mbwa kwako akishindwa kumtunza. Kumpokea, basi, ni kutekeleza mkataba, na kifungu cha kutorudisha fedha kinabaki palepale. Mdogo wako alikuwa na uwezo wa kupokea mbwa, lakini hakuwa na mamlaka ya kubadilisha masharti uliyoyasaini wewe. Hatari yako ni ukimya. Ukikaa miezi miwili bila kujibu ule ujumbe, mwenendo wako unaweza kusomwa kuwa ni kukubali.

Hapa nikuambie usilolipenda. Kifungu chako cha kurudisha hakisemi mbwa anarudi kwa masharti gani: kama umiliki unahama bure, kama kuna fedha kidogo, au kama unamhifadhi tu. Maneno yenye utata katika mkataba mara nyingi husomwa dhidi ya aliyeyaandika, naye ni wewe. Hata hivyo, mnunuzi naye amejifunga. Akidai bei, maana yake anakubali kwamba mbwa ni wako, na kama ni wako hana msingi wa kushikilia cheti na chipu. Akisema mbwa bado ni wake, basi chakula na dawa za mbwa huyo ni juu yake. Mshika mbili moja humponyoka. Usajili wa chipu, kwa taarifa yako, huonyesha ni nani aliyesajiliwa. Ni ushahidi mmoja kati ya mwingi, wala si hati ya umiliki.

Kuhusu mara mbili ya bei, kiache. Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Uingereza, tangu kesi ya kampuni ya matairi ya Dunlop ya mwaka 1915 mahakama hutofautisha kiasi kilichokadiriwa kwa uaminifu kuwa fidia ya hasara na kiasi kilichowekwa ili kumtisha mtu, na hiki cha pili hakitekelezwi. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ililegeza kipimo hicho, ikatazama kama kiasi kimepita kiasi kikilinganishwa na maslahi halali ya anayekidai. Kwa vyovyote vile, kifungu kinachotoza kiasi kilekile kwa kosa lolote, kubwa kwa dogo, kina sura ya adhabu. Zaidi ya hayo, kosa lenyewe ni lipi? Uliagiza arudishwe, karudishwa. Na kama mkataba hauna kifungu cha matunzo, ni vigumu kumdai mtu fidia kwa sababu mbwa aliyemnunua na kumlipia alikonda akiwa mikononi mwake. Kumtesa mnyama ni jambo la mamlaka nyingine, si deni lako.

Mnunuzi_Mmoja

Samahani kwa kuingilia, lakini katika mijadala ya namna hii upande wetu hausikiki. Mimi nilimrudisha mbwa kwa sababu za kifamilia ambazo sitazieleza hapa, nikiwa na mkataba wenye kifungu kama cha mleta mada. Muuzaji alimpokea, akamuuza kwa bei kamili ndani ya mwezi, na mimi sikupata hata senti. Huenda sheria ilikuwa upande wake. Lakini kifungu cha namna hiyo kinamfanya mtu afikirie kumpa jirani mbwa kimyakimya, ambalo ndilo jambo hasa muuzaji analotaka kulizuia.

Pia mzio wa wanyama unaweza kujitokeza baada ya miezi kadhaa ya kuishi nao, na mbwa anaweza kukonda kwa minyoo huku bakuli lake limejaa. Tumsikilize daktari kabla ya kumhukumu mtu.

Mlezi_wa_Majike (mleta mada)

Mzee Mkongwe, shikamoo, nimefanya kama ulivyoelekeza. Daktari amekuta minyoo ya safura kwa wingi na upungufu wa damu. Mimba hana, na hajaona dalili ya kupigwa. Kwa hiyo Mnunuzi Mmoja amesema kweli, na ninayafuta moyoni niliyokuwa nimemfikiria mwenzangu, ingawa dawa ya minyoo bado ilikuwa wajibu wake.

Nimeusoma mkataba upya: kifungu cha matunzo hakimo. Lakini katika kupekua ujumbe wa zamani nimeukuta mmoja wa wiki tatu zilizopita, ambao sikuujibu kwa sababu nilikuwa na jike anayezaa usiku huo. Ameandika: "Naomba umchukue mbwa, mkataba wako unasema nimrudishe kwako na mimi nimeshindwa." Fedha hakuzitaja.

Karani_wa_Mikataba

Huo ujumbe ni mzito kuliko kurasa zako zote mbili. Mwenyewe anasema anarudisha kwa mujibu wa mkataba, kisha baadaye anadai kwamba kurudisha kumeufuta. Uhifadhi pamoja na namba na tarehe, wala usiyafute mazungumzo yanayoutangulia hata kama yanakuonyesha ukichelewa kujibu.

Andika barua mbili, na usizichanganye. Ya kwanza ieleze msimamo wako kwa sentensi chache, kwa mfano: "Nathibitisha kwamba tarehe fulani ulimrudisha mbwa mwenye namba fulani ya chipu, kwa mujibu wa kifungu cha tatu cha mkataba wetu, kama ulivyoandika katika ujumbe wako. Kupokelewa kwake hakukufuta mkataba wala hakukuwa ahadi ya kurudisha bei. Nakuomba ndani ya siku 14 unikabidhi cheti cha ukoo na uhamishe usajili wa chipu." Ambatanisha ripoti ya daktari. Baki na nakala, na uhakikishe unaweza kuthibitisha kwamba ameipokea.

Ya pili iwe pendekezo la suluhu, ikitamka juu kabisa kwamba inatolewa kwa ajili ya maridhiano na bila kuathiri haki zako, ili isije ikasomwa kuwa ni kukiri deni. Mimi ningependekeza hivi: akishakabidhi cheti na chipu na kutia sahihi kwamba umiliki umehamia kwako, utamtibu mbwa na kumtafutia makazi; bei itakayopatikana itatolewa kwanza gharama za daktari, chanjo na chakula kwa risiti, na sehemu ya kitakachobaki, mtakayokubaliana kwa asilimia, apewe yeye. Sheria huenda isikulazimishe kufanya hivyo. Lakini kesi ya madai madogo itakuchukua miezi, na mbwa wa mwaka mmoja ni vigumu kumpatia nyumba kuliko wa miezi saba. Muda unaoupoteza ukigombea haki yako yote unaukata kwenye thamani ya mbwa yule yule.

Kwa mikataba ijayo, kifungu cha kurudisha kiseme wazi lini umiliki unahama, nani analipia uchunguzi wa daktari, na kwamba cheti na chipu vinakabidhiwa pamoja na mbwa kwa fomu yenye sahihi mbili. Na mdogo wako ajue fomu hiyo inakaa wapi.

Mlezi_wa_Majike (mleta mada)

Barua zote mbili zimemfikia jana. Amejibu leo asubuhi, bila kutaja tena fedha zote, akiuliza kama gharama za daktari zinaweza kugawanywa nusu kwa nusu kabla ya kupiga hesabu ya asilimia. Nimemwambia alete cheti kwanza, kisha tukae na risiti mezani.