Acheni kutukana watafiti wetu. Pesa ya sayansi ya Kusini ilichukuliwa, na Kenya wanajua kuilinda ya kwao

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa. Kila ukizuka mjadala wa sayansi kati yetu na Wakenya, hukumu ni ileile: Watanzania hatuna watafiti, tumelala, Mkenya ndiye mbunifu. Mimi ni mkulima wa korosho huku Newala na nasema huo ni uonevu. Watafiti tunao. Tulichonyimwa ni haki ya pesa ya zao kurudi kwenye utafiti wa zao hilohilo.

Mfano uko Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo nje kidogo ya Mtwara mjini. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna tani 145,000 hivi za korosho. Kufika 1986/87 hazikufika hata 20,000. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa wakaiacha mikorosho yao mbali, bei ikawa ya kukatisha tamaa, halafu ukaja ubwiriunga, ule unga mweupe unaoshika maua na machipukizi mpaka yanakauka kabla ya kufunga. Wazee wa hapa walikuwa wanaikata mikorosho wakachoma mkaa. Waliotutoa hapo ni wataalamu wa Naliendele. Wao ndio waliokaa na salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, wakaijaribu mpaka ikajulikana mti upulizwe kiasi gani na wakati gani, wakachagua miti inayostahimili, wakatoa aina zaidi ya 50 za mikorosho, wakafundisha watu wa vijijini kubebesha miche. Leo wageni kutoka nchi nyingine za Afrika wanakuja kujifunza pale. Kwenye korosho Kenya hawatugusi, na sijawahi kuona mtu akilisema hilo kwenye hii mijadala!

Sasa sikilizeni kinachoniuma. Korosho ghafi ikipakiwa melini hutozwa asilimia 15 ya thamani yake bandarini au dola 160 kwa tani, kile kitakachozidi. Sheria ilikuwa inasema asilimia 65 ya tozo hiyo iende kwenye Mfuko wa Kuendeleza Zao la Korosho, na 35 zibaki Hazina. Kwenye ile 65 ndimo zilimotoka fedha za pembejeo, ugani na utafiti. Yaani mkulima wa Tandahimba alikuwa anamlipa mtafiti wake mwenyewe bila kumwomba mtu. Juni 2018 Bunge likabadilisha sheria, tozo yote ikaenda Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Kusini walisimama wakapinga, wa vyama vyote, wakazidiwa.

Msimu wa 2017/18 tulikuwa tumevunja rekodi, tani zaidi ya 313,000. Msimu uliofuata zikashuka mpaka 225,000 hivi. Mvua nayo ilikuwa na lake, sikatai. Lakini mwaka ule salfa ilinifikia maua yameshaungua, na ofisi iliyotakiwa kuileta ikanijibu kwamba fedha hazijatoka. Fedha hazijatoka! Wakati nimekatwa kwenye kila kilo niliyopeleka ghalani.

Nakubali salfa ya ruzuku ilirudi miaka ya karibuni na uzalishaji umepanda. Nashukuru. Ila kinachotolewa kwa huruma ya bajeti ya mwaka huu kinaweza kuondolewa mwakani, na mtafiti hawezi kusubiri hivyo. Kuzalisha aina mpya ya mkorosho ni kazi ya miaka mingi: unachavusha, unapanda, unasubiri uzae, unapima, unaurudia. Ukikata fedha katikati umeua kazi ya nyuma yote.

Kenya je? Wao si malaika. Tozo ya chai iliyokuwa inalisha utafiti wao wa Kericho waliifuta 2016, na watafiti wakataabika kama wetu. Lakini walirudi wakarekebisha: Sheria ya Chai ya 2020 imeandika wazi kwamba asilimia 20 ya tozo iende kwenye utafiti. Ndio hao Kericho waliotoa chai ya zambarau mwaka 2011. Na sheria yao ya sayansi ya 2013 inataja asilimia 2 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti. Hawajaifikia, wako mbali nayo. Takwimu za UNESCO ziliwaweka karibu asilimia 0.8 mwaka 2010, sisi karibu 0.5 mwaka 2013. Lakini Mkenya ana kifungu cha kuibana serikali yake. Mimi nina ahadi ya asilimia 1 tunayoisikia tangu enzi za Kikwete.

Halafu tunashangaa kwa nini korosho zetu nyingi bado zinaondoka na maganda yake kwenda Vietnam na India. Kenya walipiga marufuku kusafirisha korosho na makadamia ghafi mwaka 2009. Sisi tulijengewa viwanda 12 kwa mkopo, vingi vikaishia kuwa maghala.

Na hili watu wa Lindi mtanielewa. Si korosho tu: Tendaguru, kile kilima cha mkoani Lindi chenye mabaki ya dinosaria, ilichimbwa na Wajerumani kuanzia 1909 mpaka 1913, mababu zetu wakabeba mifupa ya dinosaria vichwani mpaka bandari ya Lindi. Mifupa ipo Berlin. Mifupa ya yule kijana wa Turkana, binadamu wa kale sana, iliyopatikana Kenya 1984 ipo Nairobi, kwao, na mwanafunzi wa Kenya anaweza kupanda basi akaenda kuiona. Mtoto wa Lindi anahitaji viza.

Kwa hiyo msiniletee tena habari za Mkenya ana akili kuliko Mtanzania. Ninachotaka ni kifungu cha sheria: asilimia kadhaa ya tozo ya korosho iende Naliendele moja kwa moja, isiguswe na mtu yeyote bila kurudi bungeni, na kila mwaka kiasi kilichopelekwa kibandikwe kwenye ubao wa kila AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Wenzangu wa Masasi, Nanyumbu, Ruangwa na Liwale, kwenye mkutano mkuu ujao liwekeni hili kwenye muhtasari, mbunge akija asomewe na asaini mbele yenu. Mwenye nakala ya mabadiliko ya sheria ya 2018 aiweke hapa, tuanze nayo.