Naomba ushauri: vipindi vya baada ya Mei 1945 vihesabiwe katika orodha ya "Foyle's War"?

Mtazamaji Mtulivu: Ndugu wanajukwaa, jambo hili limeninyima raha. Kikundi chetu cha wapenzi wa "Foyle's War", tamthilia ya Anthony Horowitz kuhusu Foyle, mpelelezi wa polisi wa mji wa Hastings, Uingereza, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, iliyorushwa na kituo cha televisheni cha ITV cha Uingereza kuanzia 2002 hadi 2015, kimenikabidhi kazi ya kuandaa orodha ya vipindi vyote 28 kwa ubora. Je, vile 9 vya mwisho, vinavyosimulia mambo ya baada ya Ujerumani kusalimu amri, vihesabiwe au viondolewe?

Binti Pwani: Weka "Bad Blood" nafasi ya kwanza. Marehemu baba yangu alikuwa bwana mifugo, na tangu utotoni tulikatazwa kabisa kugusa mzoga wa ng'ombe aliyekufa ghafla. Kwa hiyo Sam, dereva wa Foyle, alipougua kimeta kilichotokana na majaribio ya siri ya jeshi, nilishindwa kukaa kitini.

Mzee wa Hoja: Dada, hilo silo aliloliuliza. Mkuu, tueleze kwanza: kura zimeshapigwa au bado?

Mtazamaji Mtulivu: Zimeshapigwa, ila sijatangaza matokeo. "Killing Time", ambayo ni ya baada ya Mei 1945, inaongoza na "Fifty Ships" inaifuata kwa karibu. Hata hivyo, tamthilia ni ya vita, na vita vyenyewe barani Ulaya vilifungwa katika "All Clear". Katika "Fifty Ships" tuko mwaka 1940, Uingereza inahitaji mno msaada wa Marekani, na Foyle analazimika kumwachia muuaji, Mmarekani Howard Paige, kwa sababu tu nchi inamhitaji. Anamwambia kwa sauti ya chini kwamba vita vitakwisha, na siku hiyo hatakuwa na pa kukimbilia. Huo ndio moyo wa tamthilia nzima.

Mzee wa Hoja: Kumbe huulizi kanuni, unaulizia ushindi wa kipindi ukipendacho. Kanuni hutangazwa kabla ya kura, maana mtu akishaona matokeo hawezi tena kuitunga kwa haki. Isitoshe, "Killing Time" inamhusu askari Mmarekani mweusi aliyezaa na msichana mweupe wa Hastings, huku mjini kukizuka mjadala wa kuwatenga weusi na weupe. Ubaguzi huo uliletwa na jeshi lililokuja kupigana vita hivyo hivyo, basi unawezaje kusema si habari ya vita?

Kisimani: Mimi nina shaka na uzi huu. Mwanzo mleta mada alizungumza kana kwamba kazi ndiyo kwanza inaanza, sasa kura zimeshapigwa, na vipindi viwili vya juu vimeangukia kila kimoja upande wake wa Mei 1945. Kisa kimenyooka mno. Naona kimetungwa ili tubishane.

Mtazamaji Mtulivu: Kikundi kipo, ndugu yangu, na wenzangu wanasubiri orodha. Siwezi kuwataja hapa bila idhini yao.

Binti Pwani: Hata kikiwa cha kubuni, swali ni la kweli. Mwaka 2007 ITV iliamua kuisitisha tamthilia, na watazamaji ndio waliolalamika hadi ikarudishwa. Hivyo vipindi 9 vipo kwa ajili yetu sisi mashabiki, nasi leo tuvifute?

Kisimani: Basi nitalijibu swali lenyewe. Mkuu, unaitetea "Fifty Ships" kwa sababu ya ile ahadi ya Foyle kwa Paige. Ahadi hiyo haikutimizwa wakati wa vita. Ni katika "The Hide" ya mwaka 2010, vita vikiwa vimekwisha, ndipo Foyle anapopanda meli kuelekea Marekani. Ukivikata vipindi vya baada ya Mei 1945, utakuwa umemwacha Paige akiondoka zake salama, na kipindi chako unachokipenda kitabaki bila mwisho.